Majina Aliyosoma Papa Déo

Nilipopata habari kwamba Papa Déo amefariki, jambo la kwanza nililojiuliza ni nani aliyeniingiza kwenye kundi la WhatsApp la msiba, na anataka nini. Machozi yalikuja baadaye. Ndivyo nilivyo, na kwa umri huu sitabadilika: mtu akinikaribisha chai, namngoja kwanza yeye anywe. Nilipiga simu kuuliza. Kumbe ni Furaha, binti mdogo wa marehemu, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa hapa Kanada kwamba alikuta namba yangu kwenye simu ya baba yake. Hilo nalo likanikosesha raha. Namba yangu ilikuwa ikifanya nini kwa mtu ambaye hatukuwa tumesemezana kwa zaidi ya miaka ishirini? Mwanangu, aliyekuwa akiniendesha kutoka Markham kwenda Crescent Town kwenye maombolezo, alisema huenda mzee wa watu alipenda tu kuweka namba. Huyu mtoto hashuku chochote. Sijui tabia hiyo kaitoa wapi. Nikatazama theluji chafu kando ya barabara. Sikuwahi kumsimulia mwaka ule niliofanya kazi na Papa Déo kwenye chumba cha redio, na sikuona kwamba ndani ya gari ndipo mahali pa kuanzia.

Chumba chenyewe kilikuwa Mississauga, karibu na uwanja wa ndege, ghorofa ya pili ya jengo la kawaida la ofisi, juu ya duka la mazulia. Mtu angeweza kupita pale miaka kumi asijue kwamba ndani yake kuna watu wanaozungumza na ndege iliyo juu ya Kisangani. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza nne, saa ya ukutani isiyofuata saa za Toronto, na harufu ya kahawa iliyoungua. Antena zilisimamishwa shambani, mbali kaskazini, na wengi wetu hatukuwahi kuziona. Redio ya kawaida ya ndege hufika pale upeo wa macho unapoishia, basi. Hii yetu ilikuwa ya umbali mrefu: sauti hurushwa juu kabisa, hugonga tabaka la hewa linalochomwa na jua, na kurudi chini upande mwingine wa dunia. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea jua. Asubuhi yetu, wakati Kongo ni alasiri, hewa ilifunguka, na marubani wa ndege za mizigo na za misaada wakatuita kusema wako wapi, wamebakiza mafuta kiasi gani na watatua saa ngapi, au kuomba tuwaunganishe na simu za ofisi zao. Siku nyingine sauti ilikuja kama ya mtu aliye chumba cha pili. Siku nyingine ilizama katika kelele kama za mafuta kikaangoni, ukaokota neno mojamoja. Watu wanadhani setilaiti zimeiua kazi ile. Hazijaiua. Juu ya bahari kuu na huko ncha ya kaskazini ndege bado hubeba redio hizo, na bado yupo mtu chini anayekaza masikio.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, niko kwenye miezi sita ya majaribio, na karatasi zangu za kukaa nchini zilikuwa bado juu ya meza ya mtu fulani. Kazi ile ilinifaa kwa sababu sheria yake ya kwanza ilikuwa kutoamini. Rubani akisema yuko futi elfu ishirini na nane, unamrudishia: futi elfu ishirini na nane. Akikubali ndipo unaandika. Kamwe usiandike unachodhani umesikia. Sheria ya pili ilikuwa kwamba ndege ikikuita huiachi bila jibu, maana mtu asiyejibiwa huko juu ataita tena na tena mpaka awazibie wenzake njia. Ukishaupata ujumbe, unasema umepata, na ukishatamka hivyo mzigo ni wako, ni juu yako kuufikisha kwa mwenyewe. Doreen, msimamizi wetu, mama wa Kikanada mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, alinisifu wiki ya kwanza tu kwamba nina masikio ya polisi. Nilifurahi sana kuambiwa hivyo.

Papa Déo alikaa meza iliyopakana na yangu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kutoka Kivu, shati lake limepigwa pasi kila siku ya Mungu, na alituzidi sote. Kwao alikuwa mshika foni. Foni ni redio hiyohiyo ya umbali mrefu, inayokaa ndani ya kibanda kando ya kiwanja cha ndege cha vumbi, mahali ambapo simu hakuna na barabara haipitiki. Marubani huuliza hapo hali ya hewa, na wananchi hupanga foleni kuulizia ndugu zao. Kwa malezi hayo, Papa Déo alisikia sauti pale ambapo mimi nilisikia kelele tupu. Alifumba macho, akaandika, akamrudishia rubani, na rubani akakubali. Mimi nilidhani anabuni. Saa ya chakula alifungua bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, na samaki mkavu, chumba kizima kikanuka, akanisogezea kijiko na kuniita Mademoiselle Mueni, akinisihi nile kwa kuwa mtu mwembamba hasikiki redioni. Nilikataa kila mara. Nilijiambia kwamba mtu asiyenijua anayetaka kunilisha ana lake jambo. Sasa nikikumbuka, naona haya: nilikuwa na njaa, na mkate wangu ulikuwa mkavu.

Kwa bahati, au kwa mkosi, sote wawili tuliishi Crescent Town, majengo mawili yanayotazamana. Jumapili, nikienda chumba cha kufulia nguo, nilikuwa naona watu wakiingia kwake, familia nzima, wengine wamevaa makoti ya msaada yasiyowaenea, kisha wakitoka baada ya dakika kumi. Hawakutoka na kitu mkononi wala hawakuonekana kuwa wamekula. Siku moja nilipanda naye lifti akiwa na daftari la shule, na aliponiona nalikodolea macho akaliingiza ndani ya koti. Dalili ya mvua ni mawingu, nikasema moyoni. Halafu kazini nikaona la tatu. Kulikuwa na ndege ya misaada tuliyoiita Lima Kilo, kwa herufi zake mbili za mwisho. Kila ilipomaliza habari zake za Kiingereza, Papa Déo aliinamia kipaza sauti na kumsemesha rubani msaidizi wake, Mkongo aliyeitwa Patrick, kwa Kiswahili cha chini na cha haraka. Nilipovua hedfoni ili nimsikie, alikuwa amekwisha.

Sikwenda kumsema mimi, na hilo nataka lieleweke, ingawa halinisaidii sana. Mazungumzo yote yalirekodiwa, na Doreen ndiye aliyegundua kwamba kwenye kanda kuna lugha asiyoielewa. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanimiminia kahawa, akanipa kanda sita na karatasi za njano nitafsiri. Akasema mambo mawili, moja baada ya jingine, kama vile hayahusiani: kwamba hajui amwamini nani, na kwamba miezi yangu sita inakaribia kuisha. Kahawa ya Doreen niliinywa.

Nilizisikiliza siku tatu. Yalikuwa majina. "Byamungu Zawadi, na batoto batatu. Bahati wa Mwalimu, peke yake. Mama Nsimire, iko na kikohozi lakini iko muzuri." Patrick alirudisha jina mojamoja, kama kazi inavyotaka, kisha akasoma ya kwake na Papa Déo akamrudishia. Mwisho wa kila kanda Papa Déo aliuliza jina moja tu, Neema Déogratias, na Patrick akajibu: bado. Nilitafsiri yote sawasawa. Hata leo nikiletewa karatasi zile sitazikana. Lakini chini ya ukurasa wa mwisho ilibaki nafasi, na nafasi ile ikanitamanisha. Nikaandika kwa mkono wangu, bila kuulizwa, kwamba inaonekana hii ni orodha ya watu wanaoingizwa nchini kwa magendo. Niliisoma sentensi ile mara mbili, nikajiona mtu mwenye akili kweli. Ningeweza kumuuliza mwenyewe. Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, anakula sombe.

Walimwita asubuhi, akakaa na wakubwa robo saa nyuma ya kioo. Mimi niliendelea na kazi, naandika mafuta ya ndege fulani. Alipotoka alichukua koti na bakuli lake, akasimama kwenye meza yangu. Nilijikaza, nikijua sasa nitatukanwa. Akaniambia Lima Kilo hubadilisha mawimbi ikipita mto, kwa hiyo nisingoje iite, niwahi kubadilisha kabla yake, vinginevyo nitaipoteza. Basi akaondoka. Nilikaa juma zima nikijiuliza kuna mtego gani katika maneno yale. Wiki iliyofuata, kwenye chumba cha kufulia, nilisikia akina mama wawili wa Kikongo wakizungumza huku wakikunja mashuka. Mmoja alimuuliza mwenzake, sasa nani atawasomea watu majina. Kwao, alisema, watu wakikimbia vita, mshika foni ana saa yake ya kusoma waliofika, ili waliobaki nyuma wasiwalilie mtu aliye hai. Na Papa Déo, kila Mkongo aliyefika mjini hapa alimwandika daftarini na kumpeleka hewani. Nilisikia vizuri kabisa. Na nikashuku kwamba wameyasema ili mimi nisikie.

Doreen alinipa meza ya Papa Déo na akaniambia miezi ya majaribio imekwisha salama. Akaongeza kwamba kuanzia sasa hewani ni Kiingereza tu na shughuli za ndege tu. Siku chache baadaye Lima Kilo ikaita. Nilikuwa nimebadilisha mawimbi mapema, kama nilivyofundishwa. Rubani akatoa habari zake, nikarudisha, akakubali. Kisha ikaingia sauti ya Patrick.

"Toronto, mumupashe Papa Déo habari. Neema alifika. Iko hapa ku foni ya kiwanja, anangoya jibu ya baba yake. Munapata?"

Ndipo nilipojua Neema ni nani. Na wakati huohuo, kabla hata sijavuta pumzi, nikajua pia kwamba huu ni mtego: kwamba Doreen na wakubwa wamepanga na watu wa ile ndege waone kama nami nitanasa. Nikatazama mlango wa ofisi yake. Ulikuwa wazi nusu. Nikabonyeza, nikajibu kwa Kiingereza neno moja la kazi, lile la kusema nimepata, ili anyamaze. Akanishukuru, akatoka hewani. Kwenye fomu nikaandika: hakuna la ziada. Baada ya siku tatu Patrick aliuliza jibu liko wapi, nami nikamwambia simsikii vizuri, hewa mbaya. Akaita tena, nikamrudishia vilevile. Tangu hapo hakuuliza.

Siku kumi na moja nililala na habari ile na kuamka nayo. Jioni nilikuwa naona taa ya sebuleni kwa Papa Déo kutoka dirishani kwangu, nikalivuta pazia. Kilichonitoa si dhamiri, natamani ingekuwa dhamiri. Ilikuwa ni Doreen, aliyelalamika siku hiyo kwamba kabati limejaa kanda, na kwamba tangu Papa Déo aondoke hakuna mtu aliyesikiliza hata moja. Akazikusanya zifutwe zitumike upya. Basi hakukuwa na mtego. Hakuna aliyekuwa akinipima. Jioni ile nilivuka ua nikabisha kwao. Mkewe, Mama Furaha, alinikaribisha bila kuniuliza mimi ni nani, na kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeketishwa mezani nimewekewa ugali, sombe na samaki. Papa Déo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwanda cha kuku, mikono imemvimba kwa baridi. Nilikula. Ndiyo mara ya kwanza kukila chakula chake, na kilikuwa kitamu kiasi kwamba nilichukia. Nilipomaliza nikamwambia kwamba Neema amefika kwenye kiwanja, ila hewa ilikuwa mbaya, habari ilikuja vipandevipande, na ndiyo sasa nimeweza kuiunganisha.

Mama Furaha alipiga magoti palepale akaanza kuomba. Papa Déo hakupiga magoti. Aliniuliza ni mawimbi gani, na saa ngapi. Nikamjibu kweli, maana sikuwa na akili ya kudanganya yote. Akanitazama. Mtu wa kazi ile anazijua siku za jua kama mkulima anavyozijua siku za mvua, na hakuna hewa mbaya inayodumu siku kumi na moja. Kisha akanishukuru kwa kuwaletea habari, akaniambia nimalize samaki. Alipata njia ya kupeleka ujumbe kupitia wamisheni, na jibu lililokuja ni kwamba msichana alikuwa ameondoka siku mbili kabla sijabisha mlango ule, amefuatana na watu waliokuwa wakielekea ziwani. Hayo niliambiwa na jirani. Kwake sikurudi tena. Nilihama mwaka huo, nikaolewa, nikazeeka na kazi nyingine, na baada ya miaka sita nikasikia kwa watu wa kanisani kwamba Neema amepatikana Bujumbura na ataletwa. Siku hiyo nilijiambia basi, mambo yamekwisha, na mtu mzima mwenzangu atakayenisoma hapa anajua jinsi mtu anavyoweza kujiambia hivyo na akalala usingizi.

Ukumbi wa maombolezo ulikuwa chini ya lile jengo lake la zamani. Viti vya plastiki, sufuria za wali na maharage, picha ya Papa Déo mbele akiwa na shati lililopigwa pasi. Mmojammoja walisimama watu wazima na kusema jina lao lilisomwa na nani, na nani nyumbani alilisikia akaacha kulia. Mzee mmoja alisema mama yake alikuwa ameshanyoa nywele za matanga. Nilikaa nyuma na sahani yangu. Akina mama waliokuwa mbele yangu walinong'ona kwamba yule binti mkubwa hajatoa chozi tangu hospitali, kwamba alimuuguza baba yake vizuri lakini kila mara kulikuwa na kitu kati yao. Nikajua wanamsema nani. Na nikamwona anakuja moja kwa moja kwangu, mwanamke wa makamo, mabega ya baba yake.

"Wewe njo Mueni," akasema, kwa ile njo yao ambayo kwetu ni ndiye. "Papa alikuwa anasema wewe njo ulileta habari yangu."

Nikasema ndiyo. Alivuta kiti akaketi, sauti yake chini ili watu wasisikie. Akaniambia alikaa kwenye kile kiwanja siku tisa. Kila asubuhi alikwenda kwenye foni, na mshika foni akamwambia atulie, Toronto wamekwisha sema wamepata. Siku ya tisa akaacha kwenda. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alijua baba yake ana mtoto mwingine huko alikokwenda.

"Kama balipata na hajibu, njo kusema hanitaki. Nikaenda zangu. Miaka sita sikumutafuta, yeye njo alinitafuta." Alitazama mikono yake. "Aliniambia hewa ilikuwa mbaya. Nimekaa naye hapa miaka kumi na tano, nimemupikia, nimemuogesha, na hata siku moja sikumuamini. Wewe ulikuwa pale. Hewa ilikuwa mbaya?"

Nilijua kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema alichosema marehemu, na hakuna kanda iliyobaki duniani ya kunisuta. Hata Papa Déo mwenyewe, kwa sababu zake, alinitunzia uongo wangu mpaka kaburini. Nikaona pia ulimgharimu nini.

"Ilikuwa safi," nikasema. "Nilimsikia Patrick kila neno. Nilimjibu nimepata, halafu sikumwambia baba yako. Siku kumi na moja sikumwambia."

Neema alisimama, akapita katikati ya viti mpaka mbele kwenye picha, akapiga magoti na kumwomba baba yake msamaha, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, yeye ambaye hakuwa na kosa, na mimi mwenye kosa nimekaa nyuma na sahani ya chakula chao mapajani.